Mkono wa Amma katika Saa ya Rahu

Kila Ijumaa, kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita, ni saa ya Rahu, saa ya nuksi, na Amma, mama yangu, haanzishi jambo hata la kuchemsha maziwa. Foleni za Chennai hazijui hayo. Tulifika uwanja wa ndege nuksi imeshaingia, nami natakiwa kaunta kabla ya saa tano, safari ya kwenda kuanza kazi Toronto.

Nikainama, nikamgusa miguu, nikangoja mkono wa baraka kichwani. Haukuja.

"Siweki," akasema. "Baba yako alitoka saa hii hii kwenda kununua maziwa. Alirudi?"

"Amma, Appa aligongwa na lori! Lori na Rahu wapi na wapi?"

"Wewe si msomi? Nenda zako."

Mimi mambo ya nyota siyaamini. Lakini kuondoka bila mkono ule, moyo ulikataa katakata. Nikabaki nimesimama mlangoni.

Ndipo nikaona, ng'ambo ya vioo, ubao wa safari ukigeuka buluu. Skrini za kaunta zikafuata, moja baada ya nyingine, buluu tupu. Matangazo yakakatika. Nyuso za watu ukumbini zikawa na rangi ya ndotoni.

"Mama, mitambo imelala," askari wa mlangoni akamwambia Amma. "Dunia nzima, wanasema. Programu ya kulinda kompyuta imetumiwa sasisho bovu."

"Yaani mlinzi amewafungia wenye nyumba nje?" nikauliza.

"Ndiyo hivyo, dada. Kaeni tu. Hairuki ndege."

Amma akakutanisha viganja, akamlilia mungu wake. "Pillaiyar, baba, nilikuomba saa moja tu. Dunia nzima ya nini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tukaketi sakafuni. Akafungua wali wa ndimu, akanilisha tonge kwa tonge, akanisuka nywele upya. Sijui kama nilisinzia. Nilimwona Appa akija na maziwa, chombo bado cha moto, akiuliza mbona tumekaa nje. Nilifurahi sana kumwona.

Niliamshwa na sauti. Makarani walikuwa wakiita majina kwa midomo yao na kuandika pasi za kupandia ndege kwa kalamu.

"Amma, saa sita imepita. Rahu kaenda zake. Weka mkono."

Mkono ukainuka, ukakwama hewani.

"Nini tena?"

"Nikiuweka, utaondoka."

Kumbe muda wote ule haikuwa Rahu. Nilitaka kumwambia nabaki, na Mungu anajua, ningelisema kweli. "Yazhini!" karani akaita jina langu. "Yazhini yuko wapi?"

Amma akauweka, akaukandamiza kwa nguvu kama anayefunga sanduku lililojaa. Niliutamani mkono ule tangu asubuhi. Sikuwa nimefikiri kwamba itabidi auondoe.