Jicho Lisilowaka

Mimi sina hasira za karibu, watu hunisingizia tu. Ninachochukia ni taa inayomfanya mtu akune kichwa. Unaingia ofisini, simu ya mapokezi ina kitaa kimoja chekundu kinapepesa, unauliza, "Hiki kinasema nini?" Mmoja anakuambia laini imefungwa. Mwingine anasema kuna ujumbe. Wa tatu anasema, "Ah, hicho kiko hivyo hivyo siku zote." Sasa jamani, hiyo ni taa au pambo?

Hivyo ndivyo nilivyoikuta ile ofisi. Kila jioni simu za wateja zilihamishiwa kwenye kibanda cha mlinzi, na asubuhi hakuna aliyekumbuka kuzirudisha, kwa sababu kitaa kilipepesa vilevile, ziwe zimehamishwa au hazijahamishwa. Mlinzi maskini alipokea malalamiko ya wateja mpaka akawa anawajua kwa sauti. Aliyeniitia kazi hiyo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliyekuwa akikaa mapokezi na kupokea simu zote. Kitinda tulimwita nyumbani, na kazini nako jina likamfuata. Alimwambia Mkurugenzi, "Nina dada yangu fundi, hana mchezo." Nikaja, na mwenzangu Koleo.

Koleo tulisomea ufundi darasa moja, tukafungua karakana pamoja. Jina hilo alipewa kwa kuwa akishika kitu haachii. Wanangu wanamwita mjomba. Yeye hufunga nyaya na kupanga mitambo, mimi huchora taa na vitufe.

Na kuchora taa si kuchagua rangi tu kama mtu anayenunua kitambaa. Nilikata vifuniko vya plastiki, nikavibandika kwenye kisanduku juu ya meza ya Kitinda, nikaketi hapo. Kila aliyepita nilimdaka. "Njoo hapa. Hii inasema nini?" Akisita tu, nimeitupa. Mhasibu alininong'oneza kwa aibu kwamba kwake nyekundu na kijani hazina tofauti. Basi kila hali nikaipa umbo lake na mahali pake: duara la kijani, tuko kazini, mstari wa bluu, simu zimehamishwa, pembetatu nyekundu, tumefunga. Na hakuna kupepesa. Mama wa usafi alipita na ndoo yake, akatupa jicho mara moja, akasema, "Kumbe mmefunga," akaendelea na safari yake. Nilitaka kumkumbatia pale pale.

Ikabaki hali moja, nayo ndiyo iliyoleta balaa. Mkurugenzi alitaka aweze kuingia kwenye simu yoyote na kusikiliza, eti awafundishe wafanyakazi lugha nzuri kwa wateja. Wafanyakazi wakakataa katakata. Nikasema sawa, lakini kusikiliza nako kutakuwa na taa yake, juu kabisa, peke yake, umbo la jicho, rangi ya chungwa. Mtu akiingia kusikiliza, inawaka yenyewe. Mkurugenzi akakubali. Nikasimama mbele ya wote nikawapa neno langu: jicho lisipowaka, hakuna anayesikiliza.

"Mmemsikia?" Kitinda akasema, kidevu juu. "Dada yangu akisema kitu, kimesemwa."

Wakakubali, mfumo ukafungwa, nikaenda zangu kwenye kazi nyingine.

Wafanyakazi wale walikuwa wanataka kumchagua mwakilishi wao wenyewe, na Mkurugenzi hakutaka hata kulisikia neno hilo. Kwa kuwa Kitinda ndiye mwenye simu, akawa anaongea na wenzao wa matawi mengine, wapange wadai kwa sauti moja. Hakuwa mjinga. Kabla ya kufungua mdomo aliangalia jicho. Akiliona halijawaka, ndipo aseme.

Siku moja alikuja karakana mchana, mkoba begani, uso umevimba kwa kulia. Koleo alikuwa ametoka kununua nyaya. Kitinda hakuniamkia, yeye ambaye hata tukigombana huniambia shikamoo kwanza ndipo anitukane.

"Nimefukuzwa," akasema.

"Na nani? Kwa nini?"

"Mkurugenzi amenirudishia maneno yangu yote, neno kwa neno. Mpaka utani wangu kuhusu tai yake."

"Lakini jicho..."

"Jicho halikuwaka, dada! Niliangalia! Nimemuuliza amesikiaje, akacheka. Akaniambia nikamuulize aliyelitengeneza."

"Na wewe ukamwamini?"

"Sasa nimwamini nani?"

Nikataka kumshika mkono, akautoa. Akaondoka bila kugeuka.

Nilichukua bisibisi nikaenda ofisini moja kwa moja. Mkurugenzi alikuwa ametoka kula. Nikamwomba mhasibu aongee na mteja yeyote kwa simu ya mapokezi, mimi nikaingia chumba cha bosi nikabonyeza kitufe cha kusikiliza. Nikamsikia mhasibu mpaka anavyomeza mate. Nikakimbilia mapokezi. Jicho giza totoro.

Nikafungua kisanduku. Taa nzima, haina tatizo. Ila waya wake ulikuwa umechomolewa, ncha imefungwa tepu nyeusi, na mwisho wa tepu umekunjwa kidogo ili fundi anayefuata apate pa kushika. Mafundi wanaokunja tepu hivyo ninaowajua ni wawili tu, mimi na Koleo. Tulipokuwa wanafunzi tulichoka kuparua tepu za watu kwa kucha, tukaapiana kwamba kila mmoja atamkunjia mwenzake. Yaani alikuwa ananizunguka, na bado mkono wake ukanikunjia tepu kwa mazoea. Na Kitinda anaujua mkunjo huo tangu nilipokuwa nikitengeneza redio za nyumbani. Angeuona angeapa kuwa ni wangu.

Niliporudi karakana, Koleo alikuwa anakunja nyaya zake mpya, anapiga mluzi.

"Umelizima jicho langu," nikamwambia.

Mluzi ukakatika. "Tulia kwanza."

"Situlii!"

"Mkurugenzi hakulitaka. Nisingefanya mimi, angeita fundi mwingine, na kazi ya matawi yote ingetupita. Nilikuwa natulinda."

"Unamlinda nani, wewe? Ulijua Kitinda anakaa pale."

"Nilijua."

"Mtoto uliyemwona anakua! Aliangalia taa kwa sababu mimi nilimwambia aangalie!"

Akatazama chini. "Ningekuambia, ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi ndiyo maana sikukuambia," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mlango umefungwa.

Nilimtupia funguo za karakana miguuni. Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi niliyekula naye amenigeuka, na niliyezaliwa naye anaamini mimi ndiye niliyemgeuka. Niliumia mpaka nikashindwa kulia.

Asubuhi niliwakusanya wafanyakazi mapokezi kabla Mkurugenzi hajafika. Nikawafungulia kisanduku, nikawaonyesha waya, nikasema ni kazi ya mwenzangu na ni amri ya nani. Nikauunganisha mbele yao, tukajaribu, jicho likawaka. Nilitegemea watashukuru. Mhasibu akainua mkono.

"Fundi, sisi tunakuamini. Lakini likizima sasa, tutajuaje kwamba kweli hakuna anayesikiliza?"

Taa zote zile nilizozitupa kwa sababu mtu alisita, na hii sasa wote walisita mbele yake. Nilikuwa bado natafuta jibu Mkurugenzi alipoingia na kunifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Tangu siku hiyo, nasikia, mwenye neno la maana hutoka nalo uani.

Mhasibu alimsimulia Kitinda kila kitu. Kazi hakurudishiwa. Nikangoja anipigie, wapi. Mwisho nikampigia mimi.

"Shikamoo, dada."

Moyo wangu uliruka. "Marahaba, mdogo wangu. Umeambiwa?"

"Nimeambiwa. Najua si wewe."

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Nikaanza kumuuliza mfululizo, kama mama: unakula, umepata kazi pengine, wenzako wa matawi wamefikia wapi, mnapanga nini sasa?

Nikasikia upande wake mlango ukifungwa taratibu.

"Sisi wazima," akasema. "Hayo mengine, dada, tutaongea tukionana. Si kwenye simu."

"Kitinda, ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema, akakata.