Pishi ya Viwavi

Mwaka ule wa tatu wa pamba, huko upande wa Njinjo, mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba alijihesabu tajiri. Mashamba ya mtama yalikuwa yameachiwa nguruwe, kwa kuwa wenyewe walishinda kwenye pamba ya Mdachi tangu jua kuchomoza. Mwahija alikuwa na bustani. Ilikuwa hatua ishirini kwa kumi na tano, nusu kunde, nusu maboga na mchicha, imezungushiwa ua wa mabua. Mumewe, Likwata, alichukuliwa mwanzo wa masika kubeba mizigo kwenda Liwale, na unga ndani ya mtungi ulikuwa umefika pale ambapo kata hukwaruza udongo. Kunde zile ndizo za kumvusha mpaka mavuno. Hakuwa na kingine.

Basi viwavi nao wakaziona. Walianza wachache, wa kijani, wakijifanya mishipa ya jani. Siku ya nne hawakuwa na haya tena, walikula mchana kweupe, na mtu akisimama kimya aliwasikia wakitafuna. Mwahija akamwaga majivu, manyunyu ya mwisho wa masika yakayaosha. Akamwaga tena, yakaoshwa tena. Ikabaki dawa ya wazee, yaani vidole viwili na subira, lakini hiyo subira angeitolea wapi mtu anayerudi nyumbani jua limeshazama?

Ukweli ni kwamba viwavi hawana ubaguzi. Waliingia na kwenye pamba vilevile. Akida wa Mdachi, ambaye tangu azaliwe hajainama chini ya jani, akatoa amri kutoka barazani kwake: kila mtu aokote kibaba kimoja cha viwavi kwa siku. Atakayejaza aende zake nyumbani, asiyejaza alazwe chini, viboko kumi. Kibaba cha viwavi! Hebu jaribu siku moja ujionee. Mtama ukiutia kwenye kibaba hutulia. Kiwavi ukimtia anatoka, na ukimpata wa kumi, wa kwanza keshafika ukingoni anakuaga.

Msimamizi wa kupima alikuwa Abdurahmani, mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na kiboko mkononi. Hakuwa mkatili kwa kupenda. Alikuwa anamwogopa akida, na mwoga aliyepewa kiboko ni mbaya kuliko mkatili. Alikaa kando ya shimo lenye majivu ya moto, mtu akileta kibaba chake anakikagua, anakimwaga shimoni, anasema, "Haya, nenda." Wengi waliambiwa "nenda" alasiri imeshakwisha.

Safu ya pili kutoka kwa Mwahija alikuwa Bi Kazija, somo yake, bibi aliyemfunda alipovunja ungo. Macho ya Kazija yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Aliokota kwa kupapasa, akiligeuza jani na kulipitishia kidole gumba, na jua lilikuwa likizama kibaba chake hakijajaa. Mara nyingi jirani, Tawakali, alipita akamtilia konzi moja, kimyakimya, kikajaa.

Akili ya mwenye njaa ni kali. Usiku mmoja Mwahija alijigeuza kitandani akajiuliza: viwavi wangu na viwavi wao wana tofauti gani? Alfajiri akaingia bustanini na kibuyu cha mdomo mpana, akaokota jani kwa jani mpaka kibuyu kikawa nusu, akakiziba kwa jani la mgomba. Njiani aliyemwona alidhani amebeba maji ya kunywa. Jua halijapanda juu ya vichaka, alikuwa mbele ya Abdurahmani na kibaba kilichofura.

"Umeshamaliza?" Abdurahmani aliuliza.

"Nimeshamaliza, bwana."

"Haya, nenda."

Akaenda. Alikuwa nyumbani kabla ya saa tatu, akapalilia, akawaokota wengine, akawafungia kwenye kibuyu kwa ajili ya kesho. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Kunde zikaanza kurudisha roho, zikatoa maua, kisha maganda madogo ya kijani. Mwahija aliimba akiteka maji. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba siri ni ya mtu mmoja, na mimi sitamsema sana kwa hilo, kwa kuwa mwenye njaa hufikiri na tumbo lake peke yake.

Siku ya nane akida alipita juu ya punda wake. Abdurahmani, akitafuta la kumfurahisha, akamwonyesha Mwahija aliyekuwa anaondoka na kibuyu kichwani.

"Yule mwanamke, bwana, kila siku anajaza kibaba kabla jua halijawa kali."

Akida akamtazama, akalitazama jua, akapiga hesabu yake. "Kumbe hawa wengine wanatuchezea. Kama mwanamke mmoja anajaza kibaba asubuhi, mpaka jioni kila mtu anajaza pishi."

Pishi moja ni vibaba vinne. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kesho yake, kati ya watu thelathini, wawili tu walijaza, nao walikuwa vijana wenye macho ya mwewe. Mwahija mwenyewe aliishia vibaba viwili, kibuyu chake na mikono yake pamoja. Walilazwa wanaume kwanza. Tawakali alipigwa kumi, kisha akainuka akifuta udongo usoni kama mtu aliyejikwaa tu. Wanawake waliambiwa zamu yao ni kesho. Kazija alifika mwisho, na nusu kibaba.

Abdurahmani alizitazama mvi zake. "Bibi, leo pita. Kesho ni pishi au mgongo. Sina la kufanya, na mimi nina mkubwa wangu."

Mwahija alikuwa akimngoja kando, akayasikia yote. Viboko kumi kwenye mgongo ule! Mgongo wenyewe ulikuwa mifupa na kaniki. Alijua kwamba mzee yule hataamka, na alijua ni nani aliyemlaza pale. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto.

Wakiwa njiani, akimshika Kazija mkono, Mwahija alishindwa kuvumilia. "Somo, mimi ndiye niliyewatia watu katika haya." Akamweleza kibuyu, kunde, saa tatu, kila kitu.

"Nilikufunda mambo mengi, mwanangu," Kazija alisema. "Hilo la kudanganya peke yako sikukufunda. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa siri itatoka."

"Ungesema, tungedanganya wote, tena polepole. Uongo una mwendo wake. Wewe umekimbia nao ukatuacha nyuma, na fimbo hupiga walioachwa nyuma."

Mwahija alilia. Kazija hakumbembeleza, ila mkono hakuuachia.

Walipofika bustanini, Mwahija alisimama akizitazama kunde zake. Viwavi walikuwamo bado, tele, chini ya majani mazito ya katikati ambako vidole vyake vilikuwa havijafika. Kumwokota mmoja mmoja ni kazi ya siku tatu, na mmea unabaki. Iko njia nyingine, ya dakika chache: unaung'oa mmea mzima, unaukung'uta juu ya mkeka, viwavi wanaanguka kwa pamoja. Ila mmea ukishang'olewa haurudishwi.

"Usifanye," Kazija alisema. Hakuwa anaona, lakini alisikia mkeka ukitandikwa. "Utakula nini?"

"Na wewe ukipigwa, Somo, nitakula nini kikashuka?"

Akaanza kung'oa. Maganda yalikuwa yamefikia urefu wa kidole. Aling'oa na kukung'uta, akang'oa na kukung'uta, na Kazija akachuchumaa kwenye ukingo wa mkeka akiwakusanya kwa viganja, maana pale walipolundikana hata asiyeona aliwapata. Isha ilipoingia walikuwa na pishi mbili kamili ndani ya vibuyu. Upande wa kunde ulibaki udongo uliochimbuka. Mwahija aliokota maganda yaliyokuwa yameanguka, yakajaa kiganja kimoja, akayachemsha, wakala wawili.

Siku iliyofuata walikaa kwenye pamba mpaka alasiri, wakijifanya wanaokota, ili mambo yaende polepole kama Somo alivyotaka. Kisha Kazija akaja mbele ya shimo na pishi yake. Imejaa, imefura. Abdurahmani aliitia kidole akaona ni viwavi mpaka chini. Mwahija alimwona akishusha pumzi, na kwa kitambo kidogo alimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa amefurahi kwa kweli kutompiga yule bibi.

Kumbe furaha ya mwoga haikai mahali. Akida alikuwepo siku hiyo, kivulini, juu ya kiti alichobebewa.

"Huyu si kipofu?" aliuliza.

"Haoni vizuri, bwana."

"Kipofu amejaza pishi." Akasimama, akainua sauti kila mtu asikie. "Kipofu amejaza pishi! Basi kuanzia kesho wenye macho wajaze mbili."

Watu wakageuka wakamtazama Kazija. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Tawakali, ambaye shati lilikuwa limemgandia mgongoni, aliinamisha uso akalazwa mara ya pili, kwa kuwa siku mbili zile kidole chake kilikuwa kimevimba akashindwa kujaza. Mwahija ameteketeza kunde zote kumwokoa mtu mmoja, na kwa kunde hizohizo amewaongezea wote. Hapakuwa tena na kunde za kung'oa. Yalibaki maboga na mchicha, na njaa ilikuwa inamngoja mlangoni.

Asubuhi, baragumu halijapigwa, Kazija alikuja mwenyewe akipapasa ua wa mabua, akamwita.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Twende kwenye pamba."

"Watu hawajaitwa bado."

"Ndiyo maana."

Wakaenda. Umande ulikuwa mzito na safu za pamba zimenyooka hadi mwisho wa macho. Kazija akasimama penye safu yake.

"Nishike mkono, mwanangu. Unipeleke kwenye shina."

"Kwenye jani, Somo?"

"Shina. Kiwavi simwoni. Shina nitalishika."

Mwahija akaelewa kwamba Somo anataka kuing'oa pamba ya Mdachi. Alitazama njia ya nyumba ya msimamizi. Wanaume kadhaa walikuwa wamekwenda Ngarambe kunywa dawa ya maji ya mganga, wakarudi wakisema kwamba anayekunywa hatadhurika na risasi za Mdachi. Yeye hakwenda, alikuwa na bustani ya kuangalia.

"Somo, hata ile dawa hatujainywa."

"Na pamba je, imeinywa?"

Mwahija akacheka bila kutaka, kicheko kidogo chenye machozi. Akauchukua mkono wa Kazija akauweka chini, pale mmea unapotoka ardhini. Vidole vile vikongwe vikazunguka, vikakaza. Kazija akavuta mara moja, mara mbili. Ya tatu mzizi ukatoka na udongo wake mbichi. Akaupapasa kuanzia juu mpaka chini, kuhakikisha, kisha akaulaza kando ya mguu wake.

"Wa pili uko wapi?"

Mwahija aliogopa viboko, aliogopa kamba ya shingoni, alimwogopa hata Likwata atakaporudi akute nyumba haina mtu. Lakini wa pili hakumwonyesha Somo. Aliinama akaung'oa mwenyewe, kama alivyong'oa kunde zake, tena huu ulitoka kwa urahisi zaidi.

Walikuwa wamefika mmea wa saba baragumu lilipolia. Watu wakaanza kutokea njiani, Tawakali mbele akitembea kwa upande, na nyuma yao kanzu ya Abdurahmani na pishi mkononi. Viwavi wa mmea wa kwanza walikuwa wameliacha jani, wanapanda juu ya mguu wa Kazija. Mwahija aliwaona. Hakuwaokota.