Lenzi Kwenye Glavu ya Shemeji

Ngumi yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuja ya kushoto, ya kuzungusha, ikapita juu ya mkono wangu wa kujikinga. Kidole gumba cha glavu kikanikwaruza jicho la kulia, na dunia yote ya upande ule ikawa maziwa.

Nikapepesa. Ukungu. Nikapepesa tena. Ukungu ule ule, na ndani yake vimulimuli viwili vitatu vikipita taratibu, kama vina njia yao.

Nikarudi hatua moja nyuma.

Mimi bila lenzi zangu, zile za kuvaa ndani ya jicho, ni mtu wa kuhurumiwa. Niliwahi kuliamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, nikasimama nikisubiri liitikie. Yule mama wa kliniki ya macho aliyenipa lenzi hizi alinionya mapema. Alisema macho ya kutoona mbali kama yangu yana pazia jepesi kwa nyuma, na pigo la kichwa linaweza kulibandua. Ukiona vimulimuli na giza linashuka, alisema, usingoje kesho. Akaniuliza nacheza mchezo gani. Nikamwambia drafti.

Sasa nipo ulingoni nikijiuliza swali moja: lenzi imetoka, au ni pazia?

Kujua kulitaka nisimame, na kusimama kulikuwa na bei yake. Timu ilikuwa inasafiri wiki ile, na kwa uzito wetu nafasi ilikuwa moja. Kocha alikuwa ametupa raundi tatu tuimalize wenyewe, mimi na Cheche, na hii ilikuwa ya pili. Habari za lenzi hakuwa nazo. Sheria yake aliirudia kila tukifunga bendeji mikononi: asiyeona hapigani.

Cheche ni mchomeleaji wa mageti. Pia anamchumbia dada yangu, fundi cherehani, na mezani kwetu amekaa mara nyingi kuliko mimi. Posa hajaleta, kwa hiyo nilikuwa namwita shemeji wa majaribio. Asubuhi ile nilimwambia ajiandae, leo nampiga halafu nampunguzia mahari kwa huruma. Alicheka tu. Ana mapafu kama mivukuto na mkono wa kushoto usio na adabu.

Nikageuza mwili ili jicho zima litangulie, nikagandisha glavu ya kulia kwenye shavu. Jicho moja lina uongo wake. Cheche alikuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja. Nikatupa ngumi niliyoiamini kabisa, ikaishia hewani, shubiri moja kutoka kwenye pua yake. Kocha akauliza kutoka pembeni kama nimekuja kupigana au kufukuza nzi.

Nikangoja ile ya kushoto irudi. Upande wangu wa kulia ulikuwa nyumba isiyo na mlango, na Cheche si mtu wa kuacha nyumba kama hiyo bila kuingia. Nilikaza shingo, nikakaza meno kwenye kinga ya mdomo, nikangoja.

Haikuja.

Ikaja ya kulia. Nikazuia. Ikaja ya kulia tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa kiunoni mwake, umetulia, kama mtu aliyebeba yai. Kocha naye akauona. Akamuuliza Cheche kama mkono huo ameuacha kazini.

Cheche akanisogelea akanikumbatia, vile mabondia hufanya wakitaka kupumzika, akaniegemeza kwenye kamba. Mdomo wake ulikuwa sikioni kwangu.

"Dogo, jichoni una kitu kama gamba la samaki?"

"Lenzi."

"Iko kwenye glavu yangu. Ya kushoto, imenata kwenye mafuta ya uso wako. Usiigonge."

"Dada yangu asijue, atanikataza ngumi."

"Mimi vyuma vimeshaniingia machoni mara ngapi? Jicho halichezewi. Mwambie Kocha."

Nikamsukuma. Nusu ya roho ilirudi mahali pake: kumbe ni lenzi, ndiyo maana ukungu. Lakini lenzi haielezi vimulimuli. Nilivitafuta nikivitakia safari njema, nikavikuta bado vipo, na sasa kimoja kilikuwa kimegeuka uzi mweusi unaoelea.

Kocha akapiga kelele kwamba kama Cheche hataki kutumia mikono miwili, nafasi anampa mwenye mikono miwili. Mwenye mikono miwili nilikuwa mimi.

Na mbavu za Cheche upande wa kushoto zilikuwa wazi. Wazi kama duka la asubuhi. Hata kwa jicho moja na umbali wake wa uongo nilijua siwezi kukosa, maana ubavu wa mchomeleaji ni mpana. Nikaingia na ya kulia, kwa nguvu zote.

Aliiona ikija. Angeshusha tu kiwiko ingeishia hapo. Badala yake aliinua ile glavu juu, mbali nami, akanipa ubavu wote.

Pumzi ilimtoka kwa sauti ya tairi. Akapiga goti moja, mkono wa kulia chini kwenye turubai, wa kushoto bado juu, glavu ikiangalia dari. Kocha akaanza kuhesabu. Nilikuwa nimeshinda. Nilisimama pale nikitazama ile glavu, na hapo juu ya kidole gumba kitu kidogo kikametameta.

Nikatema kinga ya mdomo.

"Kocha, acha kuhesabu. Jicho langu la kulia halioni."

Alipanda ulingoni. Akaniziba jicho la kushoto kwa kiganja, akainua mkono mbele yangu. Akauliza vidole vingapi.

"Kwani huo ni mkono?"

Hakucheka, na mimi sikucheka. Nilimweleza yote, drafti ikiwemo. Alisikiliza huku akinifungua kamba za glavu polepole kuliko kawaida yake, kisha akasema nafasi ni ya Cheche, na mimi niende kliniki sasa hivi, na viatu hivyo hivyo vya ulingoni.

Tukaenda wawili. Cheche alitembea upande wangu wa kulia, bega lake likinigusa kila tulipokaribia mtaro, glavu ya kushoto ikiwa mkononi mwake mbele kama sinia. Watu walitupisha. Nilimuuliza kama mbavu zinauma. Akasema anapumua kwa zamu.

Yule mama alinitia matone, tukangoja, akaniinamia na taa yake kwa muda mrefu mno. Niliona mishipa ya jicho langu mwenyewe kama mti uliopukutika.

"Pazia limeshika," akasema mwishowe. "Lakini pembeni pamechanika kidogo. Tutapashona kwa mwanga leo leo. Na hiyo drafti yako, kijana, umeshaimaliza."

Cheche alikuwa amesimama mlangoni, glavu bado mbele, akauliza lenzi aiweke wapi.

Mama yule akaitazama mara moja. Ilikuwa imekauka, imejikunja kama ukucha uliokatwa. Akamwonyesha pipa la taka.

Cheche hakusogea.

"Mama, hii nimeilia ngumi ya mbavu," akasema. "Hata kibahasha hamna?"

"Mpe, mama," nikasema. "Huyo ni shemeji yangu."