Cherehani Iliyoletwa Ngonga

Cherehani ya mdogo wangu Tulinagwe ilifika kwetu Ngonga kwa bajaji, imefungwa kwa kamba za mpira, na mama akapiga vigelegele kabla dereva hajazima injini.

Mama alikuwa na sababu zake. Katika ukoo wetu binti akikaribia kuolewa huwagawia ndugu zake vitu vya usichana, na Davidi, mchumba wa Tulinagwe, mwuza vitenge wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, alikuwa aje na wazee wake Jumapili. Wiki nzima Tulinagwe alikuwa akigawa. Vitenge kwa binamu zetu, viatu kwa wifi, Biblia yenye zipu kwa mama. Kila kilichofika kilipokelewa kwa shangwe, na mchele wa wageni ulikwishaanza kupepetwa.

"Ndaga fijo!" mama alimshukuru dereva, utadhani ndiye aliyemzaa bibi harusi. "Mume atamnunulia ya umeme."

Mimi, Atuganile, sikupiga kigelegele. Nilikuwa nageuza kakao kwenye mkeka, nikasimama na mikono yangu inayonata. Nguo agawe, viatu agawe. Lakini cherehani ndiyo kazi yake, na fundi akiolewa huenda nayo kwa mumewe, tena huitanguliza.

"Mama, huyu haagi usichana," nikasema. "Anatuaga sisi."

"Atuganile, usituletee mkosi."

Hasira zangu zinajulikana Ngonga nzima, ila siku ile sikuwa na muda nazo. Nilipanda bajaji ileile kurudi nayo mjini, hata mikono sikunawa.

Njiani niliyapanga yote niliyokuwa nayaona. Corona ilikwisha zamani, lakini Tulinagwe hakuvua barakoa. Alisema taya lake limepinda na watu wanamcheka barabarani. Taya lenyewe halina kitu, ni la baba yetu, hata mimi ninalo. Katika kibanda chake cha ushonaji, pale Mbugani mjini, alikuwa amekigeuza kioo kikatazama ukuta, na wateja wakijaribu nguo walijitazama kwenye simu zao. Nilikuwa nikimtania kwamba taya lingekuwa limepinda kweli, chakula angekitia sikioni. Mama alimwambia yeye ni mzuri, Davidi naye hivyohivyo. Kadiri tulivyomsifu ndivyo alivyozidi kujifungia, maana kwake sote tulikuwa waongo wenye huruma.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake cha ufundi, barakoa usoni, mbele yake patupu.

"Cherehani haijafika?" aliniuliza.

"Imefika. Tulinagwe, unataka kujiua?"

Nililisema hivyohivyo, bila kulizungusha, na papo hapo nikaogopa kwamba nimeharibu. Yeye akanitazama kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Ndiyo," akasema. "Jumapili watakuja kuniangalia uso. Siwezi, dada. Nimechoka kuishi na uso huu."

Nusura nimwambie taya lake ni zuri. Nikafunga mdomo, kazi ambayo sijaizoea.

"Unachokiona wewe mimi sikioni," nikamwambia. "Lakini unavyoumia nakuona. Siondoki hapa."

Akalia, nami nikalia, na ile mikono yangu ya kakao ikamchafua gauni lote. Kisha nilimpigia mama simu nikamwambia awaarifu watu wa Karonga wasije.

"Na mchele wote huu?" akauliza.

"Tutaula wenyewe."

Kisha nikamweleza alichoniambia Tulinagwe. "Nakuja," mama akasema.

Siku hiyohiyo tulikwenda hospitali watu watatu. Muuguzi mmoja, Hellen, alimsikiliza Tulinagwe muda mrefu na hakumwambia ni mzuri wala mbaya. Kisha akatueleza kwamba huo ni ugonjwa: akili inaing'ang'ania kasoro ambayo wengine hawaioni, inaikuza mpaka mtu haoni kingine. Ukiachwa unaua. Ukitibiwa, kwa dawa na kwa mazungumzo, mtu anapata nafuu, ingawa polepole.

"Lakini dada yake amemtajia kifo," mama akalalamika. "Si ndiyo kumwitia?"

"Mama, wazo lilikuwemo tayari," Hellen akasema. "Alichofanya dada ni kumpa pa kulisemea. Msimwache peke yake, na mumuulize tena."

Tulinagwe akahamia kwa mama. Mimi naishi jirani, basi kila asubuhi nilikwenda, nikamsalimia, halafu nikamuuliza kama anawaza kufa. Siku nyingine alisema kidogo. Siku nyingine alisema hapana, na acha kelele. Davidi alikuja peke yake, akakaa ukumbini, akatusimulia foleni ya malori mpakani, akaondoka bila kuutaja uso wa mtu. Nilimpenda siku ile. Harusi haikupangiwa tarehe. Barakoa ilibaki palepale, na kliniki hatukukosa.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, niliwakuta yeye na mama jikoni wanamenya ndizi. Sijafungua mdomo akaniwahi.

"Jana usiku lile wazo lilinijia vibaya."

Nikachukua kisu, nikakaa kando yake.

"Ukafanya nini?"

"Nilimwamsha mama."

Nikamtazama mama. Hakuinua macho kwenye ndizi zake.

"Akakwambia nini?"

"Hakusema kitu," Tulinagwe akajibu. "Alijisogeza ukutani, nikalala ubavuni mwake."