Kocha wa Kunyamaza

Alfayo alijaliwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, halafu akaishia kufundisha mchezo unaomkataza kocha kusema.

Mpira wa kikapu wa tatu kwa tatu si ule wa watano watano anaoujua kila mtu. Unachezwa nusu uwanja, goli moja, watatu kila upande na wa nne akisubiri pembeni. Kikapu cha karibu ni pointi moja, cha mbali, nje ya upinde uliochorwa chini, ni mbili, na anayetangulia kufika ishirini na moja amemaliza kazi. Ni mchezo mchanga. Wengi walioukuza bado wako hai na bado wanabishana juu ya sheria zake, ila kuna sheria moja hawaigusi: mechi ikianza, kocha anakwenda kukaa na watazamaji na kufunga mdomo. Wachezaji wanajiongoza wenyewe. Anayetaka kupumzika anatoka, anagusana mkono na mwenzake nyuma ya mstari, mwenzake anaingia. Hakuna wa kuombwa ruhusa.

Alfayo aliiona sheria hiyo kuwa ya kijinga na hakuficha. Aliwaambia hata abiria wa basi analoendesha Soho Road, Birmingham, wale wa viti vya mbele wasio na pa kukimbilia. Yeye aliacha shule mapema huko Kisumu, na yote aliyoyajua aliyajulia kwenye uwanja wa saruji, akifokewa na kocha tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwake kocha asiyefoka alikuwa mtazamaji tu, tofauti ni kwamba hakukata tiketi.

Timu yake ilikuwa Twiga wa Handsworth, wanawake wanne, na huu ulikuwa msimu wao wa kwanza katika ligi ya kulipwa. Narinder, aliyekulia nyuma ya duka la vitambaa la mama yake, alikuwa na shabaha ya mbali. Achieng, mwanafunzi wa uuguzi aliyepanga chumba mtaa wa Selly Oak, kazi yake ilikuwa kukaba, na alikaba kama mtu aliyetukanwa. Sagesse alizaliwa hapa hapa Birmingham. Ukimwambia jambo kwa Kiswahili anaelewa lote na kukujibu kwa Kiingereza.

Wa nne, nahodha, alikuwa Précieuse.

Alfayo hakuwahi kumwambia huyo usoni anavyomheshimu, lakini nyumbani mkewe Truphosa alikuwa amechoka kumsikia. Précieuse alijifunza kikapu Bukavu, Kongo, kwenye uwanja wa parokia uliokuwa na goli moja tu kwa sababu la pili lilianguka na hakuna aliyelisimamisha. Kwa hiyo huu mchezo aliucheza utotoni, kabla hajajua kwamba una jina. Halafu vita, halafu safari, halafu miaka ya kuinua wazee vitandani katika nyumba ya kuwatunza, huku akicheza Jumamosi kwenye viwanja vya bustani na vijana waliodhani amepotea njia. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa mara ya kwanza maishani mtu alimlipa kwa kurusha mpira. Alipunguza zamu. Alifika mazoezini kabla ya mwenye funguo za ukumbi. Sagesse alipokosa kikapu cha mwisho kule Newcastle na kujifungia chooni, Précieuse alikaa chini nje ya mlango akimsimulia vikapu vyote ambavyo yeye mwenyewe aliwahi kukosa, hadi msichana akatoka akicheka na macho mekundu.

Hivyo Alfayo alikuwa na amri moja ambayo haikujadiliwa: Précieuse hatoki. Wale watatu wabadilishane watakavyo, nahodha anabaki ndani. Précieuse alimwambia siku moja mazoezini kwamba ipo siku atatoka. Alfayo alimjibu kwamba siku hiyo yeye atakuwa ameshazikwa, na mazoezi yakaendelea.

Mwezi wa tano, katika shindano la kwanza, Alfayo alibuni ujanja. Alikaa kati ya watazamaji akaanza kushangilia kwa Kiswahili, kwa sauti ya furaha kabisa. Ndani ya furaha hiyo alikuwa anapanga mabeki: Achieng, msukume kushoto, kushoto hana mkono, Précieuse, usitoke. Nani Mwingereza angejua? Refa wa siku hiyo alikuwa mtu mrefu, mweusi, mpole, jina lake Hirsi. Mpira ulipotoka nje alitembea polepole hadi kwenye viti na kuinama kama anayemsalimia mkwe.

"Mzee wangu," alisema, Kiswahili chake safi kuliko cha Alfayo, "mimi nimezaliwa Eastleigh, Nairobi. Hiyo ya kushoto nimeisikia."

Achieng alicheka hadi akashika magoti. Tangu siku hiyo wachezaji walimwita Mzee wa Kushoto, na Narinder, ambaye hajui Kiswahili kingine, alijifunza hicho.

Mtu mwingine angekoma. Alfayo alihamia kwenye ishara za kofia: akiivua ni hivi, akiigeuza ni vile. Mwezi wa saba akapewa onyo la mwisho kwa maandishi. Akithubutu tena msimu huo, kwa neno au kwa ishara, Twiga wangeadhibiwa palepale na wapinzani kupewa mtupo wa bure pamoja na mpira.

Na msimu haukuwa na nafasi ya kuchezea. Walishinda walipotarajiwa kushindwa, wakashindwa na timu dhaifu, na kufikia Septemba hesabu ilikuwa rahisi: mechi ya mwisho, Twiga na timu ya Leeds, anayeshindwa anashuka daraja. Katika daraja la chini halipwi mtu. Narinder na wenzake walikuwa bado wadogo, wangerudi. Précieuse angerudi kwenye zamu zake zote, na kila mtu alijua kwamba hangepata mwaka mwingine kama huu.

Uwanja uliwekwa Longbridge, kwenye nafasi ya wazi karibu na maduka, pale ambapo zamani watu walikuwa wanaunda magari. Kwaya ya kanisa la Alfayo na Truphosa, wengi wao akina mama wa Kikongo, ilikuwa inakuja yote kushangilia, na hapo Alfayo akapata wazo lake la mwisho. Alimfuata Truphosa jikoni akamweleza taratibu: kwaya ikiimba wimbo wa polepole, Sagesse atoke, wakiimba wa haraka, Achieng aingie. Refa hawezi kukataza watu kumsifu Mungu.

Truphosa hakuacha kukatakata sukuma wiki. "Alfayo, hiyo kwaya ilianzishwa kumwimbia Mungu. Haikuanzishwa kubadilisha wachezaji. Na wewe utakaa karibu yangu. Ukisimama tu nitakukalisha."

Siku yenyewe kulikuwa na kijua baridi. Alfayo alifika na kumkuta refa wa mechi amesimama katikati ya uwanja akipima mpira kwa kuudundisha. Alikuwa Hirsi. Walisalimiana kwa kichwa kama watu wenye kesi mahakamani.

Leeds walikuwa na msichana mmoja mdogo wa umbo, nywele amezifunga juu, mwenye mbio ambazo Alfayo hakuwa amewahi kuziona kwa mtu mwenye mpira mkononi. Alimpita Narinder, alimpita Sagesse. Twiga walikuwa nyuma tano kwa moja kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza. Ndipo Précieuse alipouchukua mchezo. Hakukimbia, aliwafanya wengine wakimbie. Aligeuza mgongo, akaegemea, akasubiri beki achoke kumsukuma, kisha akazunguka na kuuweka mpira kwenye kikapu kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Akifunga cha karibu, inayofuata anampa Narinder nje, na Narinder anapiga cha mbali. Kumi kwa kumi. Kumi na tano kwa kumi na nne. Wale akina mama wa Kikongo walikuwa wameshavua viatu, wanapiga navyo kwenye mbao za viti.

Alfayo alikuwa ameuma skafu yake. Kila alichokiona kilimpanda hadi kooni na kila mara akakimeza, na cha ajabu, walio uwanjani walikuwa wanafanya nusu ya yale aliyotaka kusema bila kuambiwa. Nusu nyingine walifanya vyao, na mara nyingi vilikuwa bora. Hilo lilimkera kidogo.

Ishirini kwa ishirini. Mpira ukatoka nje, mkono wa mwisho wa Twiga, kwa hiyo ukawa wa Leeds. Kikapu kimoja tu na msimu umekwisha. Hirsi aliushika mpira na kungoja wajipange.

Précieuse akatembea kuelekea mstari wa nyuma.

Alfayo alidhani anakwenda kunywa maji. Halafu akamwona Achieng akisimama pembeni na kuvua koti la mazoezi, na akaelewa. Nahodha anatoka. Mfungaji bora wa Twiga, mwanamke ambaye msimu wote hakuwahi kukanyaga nje ya uwanja mechi ikiendelea, anatoka sekunde ambayo yeye Alfayo angemfunga kamba asitoke. Alisimama. Mdomo ukafunguka. Hirsi, mpira kwapani, aligeuza shingo akamtazama yeye na si mtu mwingine.

Mkono wa Truphosa ulimshika koti kwa nyuma. Alfayo aliona nyuso mbili: ya refa anayengoja, na ya Précieuse, aliyekuwa amemtazama pia kutoka kule chini, bila kuomba chochote. Alikaa chini kwa nguvu hadi kiti kikalia.

Précieuse akampa Achieng mkono, Achieng akaingia.

Yule mwenye mbio alipewa mpira juu kabisa, nyuma ya upinde. Alianza upande wa kulia, akarudi, akaanza tena. Achieng hakumfuata mpira. Alimfuata kiuno, akamfungia kulia mara mbili na kumwachia upande mmoja tu. Msichana akachukua kushoto. Kushoto hakuwa na mkono. Mpira ulimtoka kidogo, kiasi cha kiganja, na Achieng akaupiga ukamfikia Narinder, ambaye alirudi nao nyuma ya upinde kama sheria inavyomtaka anayepokonya, akainua macho, akarusha.

Kabla haujatua, kwaya nzima ilikuwa imeshasimama. Ulipotua, Alfayo hakupiga kelele. Aligundua kwamba sauti imekataa.

Alipofika chini, wachezaji walikuwa wamelaliana kama magunia. Précieuse alikuwa amekaa kwenye benchi na barafu gotini. Alfayo alisimama mbele yake, akaanza kwa ukali, akauliza ni nani alimwambia atoke.

"Papa Alfayo, goti ilishakataa," alisema. "Ule mudogo angenipita. Achieng hapitwe."

"Ningekukataza."

"Najua. Ni kwa hiyo walikuweka kule juu."

Wote walicheka, hata Sagesse. Alfayo alimshika Précieuse mkono kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mtu uliyekwenda kumpa hongera nyumbani kwake, na alimwambia kwamba hajawahi kuona mchezaji kama yeye, si Kisumu, si hapa. Alilisema kwa sauti ndogo sana. Précieuse aliinamisha kichwa, akarekebisha barafu ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

Hirsi alipita akibeba begi lake. "Mzee wa Kushoto," alisema, "leo umetulia." Hakuna aliyejua jina hilo lilimfikia vipi.

Jioni Alfayo aliendesha gari la timu kuwarudisha Handsworth. Nyuma walikuwa wanapanga msimu ujao, wakikatizana: nani aanze, nani apumzike, mazoezi yawe asubuhi au jioni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alizima redio ili awasikie vizuri.

"Coach," Achieng aliita walipokaribia ukumbini, "hapa ni kushoto."

Barabara hiyo alikuwa ameipita miaka na miaka, na basi zima la watu. Aliwasha taa ya kukata kona na kukunja kushoto.