Salamu Iliyoahirishwa

1

Saluni ya Chogo, Morogoro. Jumamosi asubuhi.

"Mapambano matatu makali kuliko yote nchi hii? Kobelo na Mloka. Tumefunga mjadala!"

"Kaka, umeamkaje leo? Wale walipigana mara mbili."

"La kwanza Kobelo, kwa pointi. Marudiano Mloka, nokauti, raundi ya sita."

"Na la tatu?"

"La tatu..."

"Ehee! Matatu ya kwenu yanahesabiwaje? Muulize mwenyewe, si huyo hapo kitini."

Kitini, povu limemjaa kidevuni, Damasi Kobelo alifumba macho kama aliyelala.

2

TANGAZO KWA UMMA

Pambano la tatu kati ya D. Kobelo na S. Mloka limeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Kamati. Tarehe mpya itatangazwa.

Haikutangazwa.

4

Msomaji, usiitafute namba tatu. Haijapotea. Inasubiriwa.

Shika jambo hili tu: kambini kwao, mabondia wakishasaini pambano hawasalimiani mpaka kengele ya mwisho ilie, hata kama wamekula sahani moja tangu utotoni. Salamu hulegeza mkono, kocha alisema. Damasi na Sefu Mloka walisaini. Pambano likaahirishwa, halikufutwa.

Kwa hiyo

kimya.

5

Yaliyopita bila salamu:

harusi ya Sefu;

msiba wa mama yake Damasi, ambako Sefu alibeba jeneza bega kwa bega na mfiwa, akalishusha, akaondoka;

nywele nyeusi.

6

Kila alfajiri Damasi hupiga magoti. Husali polepole, neno kwa neno. Afikapo mahali pa kusamehe huharakisha, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe aliyemkosea.

Mungu humsubiri pale pale. Kesho yake tena, pale pale.

7

"Mzee Damasi," Chogo alisema, wembe ukiwa hewani, "Sefu karudishwa kutoka hospitali. Kiharusi. Wameambiwa wakae naye tu nyumbani."



"Tarehe wametang—"

Damasi akayasikia maneno yake mwenyewe, akayakatisha. Akafuta povu kwa kiganja, akatoka na nusu ya ndevu.

8

Bi Mwanahawa, mke wa Sefu, mlangoni:

"Shemeji, kusema hawezi. Ila likitajwa jina lako anakunja ngumi. Ni hasira, ni furaha, mimi sijui. Miaka yote hii nimeishi na wanaume wawili, mmoja haingii ndani. Leo ingia."

3

Ngumi ya Sefu iko juu ya shuka, imekunjwa.

Damasi anavua kofia. Anakunja ya kwake, anaigusisha na ya mwenzake, taratibu, kama refa anavyowaamuru mabondia kabla ya kengele.

"Sefu. Habari za..."

Za asubuhi?

Za mama?

Anasali, na pale pa kusamehe, kwa mara ya kwanza, haharakishi.

Juu ya shuka, kidole kimoja cha Sefu kinaanza kukunju—