Miguu ya Bi Waridi Siku ya Ijumaa

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1968, saa tano na nusu, Sijaona alikuwa ameketi uani kwake Bwiza akichambua mchele kwenye ungo, miguu ya mama yake ikaingia. Ilikuwa miguu tu, kuanzia kifundo kwenda chini. Juu ya kifundo ngozi ilikuwa imejifunga vizuri, bila damu wala kidonda. Ilivuka kizingiti, wa kulia ukitangulia, ikazunguka jiko la makaa na kusimama kando ya karai la maji.

Sijaona aliitambua mara moja. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake, na wa kulia ulikuwa na kovu la siku ile mchi ulipomponyoka Bi Waridi kwenye harusi ya jirani. Akaweka ungo chini, akasema karibu mama. Alitaka kuuliza kama imekula, akakumbuka kwamba hilo ni swali la mdomo.

Alipoanza kuiosha ndipo alipoona. Ukingoni, pale ngozi ilipoishia, palikuwa na mfereji mwekundu umezunguka kila mguu, na upande wa nje wa mfereji alama ya fundo, ukubwa wa punje ya hindi. Kamba yenyewe haikuja. Sijaona aliosha mara tatu, akapenyeza vidole katikati ya vidole kama inavyotakiwa, akafuta, akapaka vazelini. Miguu ilikaa juani kidogo, kisha ikaondoka, maana saa kumi kule juu wagonjwa huhesabiwa.

Kule juu ni nyumba ya wazee, kwenye mteremko unaopanda kutoka Mutanga. Lango lake lilipakwa rangi ya buluu na njia yake ilipandwa maua pande zote mbili, na mtu akilitazama anasema hapa mzee wangu atapumzika. Lakini nyumba njema si mlango. Bi Waridi alikuwa na miezi minne humo. Akili ilianza kumtoka polepole, kama mpangaji anayehamisha vyombo kimoja kimoja. Mji aliendelea kuuita Usumbura, jina lake la zamani, alimwita mwanawe Chabani kwa jina la mjomba wake, na mara tatu alikutwa sokoni akiuliza bei ya vitu visivyouzwa tena. Siku alizobaki peke yake, Chabani alimfunga kitandani kwa kamba, na Sijaona akirudi kutoka kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alimfungua, na hawakuzungumza habari hiyo. Kisha siku moja Chabani alisahau kufunga. Bi Waridi akabandika sufuria isiyo na maji, jiko likaungua na paa lake, na Chabani akasema imetosha.

Kitu kimoja Bi Waridi hakukisahau, nacho ni udhu wa Ijumaa. Majina ya watoto yalipotea, maneno ya sala yakachanganyika, lakini ikikaribia saa sita ya Ijumaa alikaa kitako na kungoja maji. Kule juu maji yalikuwa ndoo moja kwa chumba, na ndoo ile ilikuwa ya nyuso. Basi wahudumu walipomfunga vifundoni, kilichokuwa juu ya kamba kilibaki kitandani na kilichokuwa chini yake kilibaki huru, kikaja kwa binti yake.

Ijumaa zilizofuata miguu haikukosa. Polisi wa barabara kubwa aliisimamisha akataka kitambulisho, akaona haina mfuko, akairuhusu. Sulemani fundi viatu aliipima kwa macho akataka kuishonea ndara za ngozi, Sijaona akamshukuru na kumkataza, maana kule viatu huibwa. Majirani waliwaambia watoto wao wasiimwagie maji machafu njiani. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila nyumba Bwiza ina mzee wake, na kila mzee ana namna yake ya kurudi.

Sijaona alipanda Mutanga siku isiyo ya wageni. Jumapili, siku ya wageni, kamba hufunguliwa na blanketi hukunjwa vizuri chini ya godoro, hata yeye hakuwahi kuona kitu. Alimkuta Madamu Consolée, mkuu wa nyumba, ofisini, akamwambia anataka moja kati ya mambo mawili, waifungue kamba au wampe mama yake aende naye. Madamu hakukasirika. Alimkalisha, akamweleza kwamba tangu nyumba ifunguliwe hajaanguka mtu wala kupotea mtu, na kwamba aliyesaini kumwingiza mgonjwa ndiye anayesaini kumtoa, na aliyesaini ni Chabani. Sijaona akasema miguu ya mama yake inatoka kila Ijumaa.

"Hapa tunahesabu vichwa, mama," akasema Madamu. "Miguu hatuhesabu. Na hiyo kamba ilitoka kwenu. Kaka yako ndiye aliileta, na fundo alitufundisha yeye."

Chabani alifanya kazi kwenye ghala la kahawa kule viwandani, karibu na bandari. Kazi yake ilikuwa kufunga midomo ya magunia, na fundo lake lilisifiwa kwa sababu kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Jioni ile dada yake alimngoja mlangoni, akamuuliza hata kabla hajavua viatu.

"Ni we uliwaonyesha?"

"Walisema ataanguka. Mi kufunga najua, nikawaonyesha. Fundo yangu haiumizi mutu kama hatavuta."

"Mama anavuta, kaka."

Chabani akaingia ndani. Kusaini alikataa, akauliza ni nani atakayekaa na mama mchana, maana ndagala zisipouzwa hakuna anayekula. Hilo ndilo lililomuuma Sijaona zaidi, kwamba kaka yake alikuwa na hoja.

Ikabaki serikali. Sijaona alimtafuta mtu wa kumwandikia barua kwa Kifaransa, ikapelekwa kwenye ofisi inayohusika, na majibu yakaja kwamba Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano atapita mkaguzi, Bwana Pontien, kusikiliza familia. Sifa za Pontien zilijulikana. Uso hakuutazama, maana uso wa mgonjwa hupanguswa mgeni akiwa langoni. Yeye alifunua blanketi upande wa chini. Alisema nyayo hazijui kudanganya. Na kwa kuwa hakuwa na muda, alifunua kitanda cha aliyelalamika, basi.

Familia nyingine ziliandika shukrani. Mwanamke mmoja, Pascaline, ambaye baba yake alilala chumba kilekile, alishuka hadi Bwiza kumsihi Sijaona aifute barua yake. Alijua kuhusu kamba, hakukana. Aliuliza tu, nyumba ikifungwa, mzee wake atampeleka wapi.

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya ukaguzi, Chabani ndiye aliyeleta shauri. Alisema kesho miguu isioshwe. Irudi kama ilivyokuja, mkaguzi aione, na akiuliza habari ya alama, yeye Chabani atasema ukweli wote, hata ule wa kwake. Sijaona akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu wakala sahani moja.

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha. Miguu ilikuja na tope hadi ukingoni, inanuka mkojo, na mfereji wa kamba ulikuwa umeanza kutoa maji. Sijaona alikuwa amelificha karai nyuma ya mlango. Alikaa juu ya kigoda, mikono kwapani, akatazama pembeni. Miguu ilisimama pale karai linapokaa siku zote. Adhana ikaanza. Mguu wa kulia ukajiinua kidogo, kama mtu anavyofanya ili maji yapite chini ya unyayo, ukabaki umeinuliwa hivyo, na baada ya muda ukaanza kutetemeka.

Hakuweza. Alilichukua karai akilia kwa hasira, akijua kabisa kwamba anaiharibu kesi yake kwa mikono yake mwenyewe. Na alipoanza hakuishia njiani. Alisugua visigino kwa jiwe, akakata kucha, akapaka vazelini mara mbili, kwa sababu kesho mama yake ataonwa na wageni, na hakuna binti aliyelelewa vizuri anayeacha mama yake aonwe na wageni akiwa mchafu.

Jumamosi kamba zilifunguliwa alfajiri. Pontien akafika na mkoba wake, akafunua blanketi. Miguu ilikuwa mahali pake, imeng'aa bado, kwa kuwa jana ilirudi jua likiwa limekausha njia. Akavua miwani, akainama, akagusa kisigino kimoja kwa mgongo wa kidole. Alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona mzee aliyetunzwa hivi. Sijaona akamwambia ni yeye anayeiosha, kila Ijumaa, nyumbani Bwiza. Pontien akauliza kama mgonjwa hutoka. Madamu akaleta daftari: hajatoka hata siku moja, kichwa kipo kila saa. Pontien akamtazama Sijaona kwa huruma na hakuandika kitu.

Kisha akauona mfereji. Akaweka kidole juu ya alama ya fundo na kumgeukia Chabani, mwanaume wa familia, akamuuliza hii ni ya nini. Madamu Consolée naye akamtazama Chabani, kwa utulivu, na akaendelea kumtazama.

"Ni soksi," akasema Chabani. "Zinabanaga."

Bi Waridi akatabasamu kutoka kwenye mto, akamwita kwa jina la mjomba, akamshukuru kwa kuja.

Cheti kilitundikwa ukutani karibu na lango la buluu. Kilisema usalama ni mzuri sana na usafi ni wa mfano. Gari la Pontien lilikuwa halijafika barabara ya lami, kamba zikarudishwa.

Ijumaa iliyofuata Chabani hakwenda kazini asubuhi. Alinawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akateka maji, akachuchumaa uani kabla ya dada yake. Miguu ikaingia, wa kulia ukitangulia, ikafika kwenye karai.

"Leo nitaosha mi," akasema Chabani, akanyoosha mkono.

Mguu wa kulia ukarudi nyuma. Akausogelea, na wa kushoto nao ukarudi, hatua kwa hatua, hadi visigino vikagusa ukuta. Bi Waridi alikuwa amesahau jina la mwanawe, na alisahau hata kwamba alimzaa. Miguu ilikuwa inaijua ile mikono.

Chabani akaliacha kopo la maji, akasimama, akatoka nje ya ua. Sijaona akaiosha, mara tatu, akapaka vazelini. Ilipotoka ilimpita kaka yake akiwa ameegemea ukuta, ikapita ng'ambo ya pili ya njia, ikapanda kuelekea Mutanga ili iwahi kabla ya saa kumi. Chabani akaitazama hadi ikapinda kona. Kisha akachukua furushi lake la kamba akaenda ghalani, kulikuwa na magunia yanamngoja.